Mlango wa Choo cha Shangazi

Katika karakana ya shangazi yangu kila kitu kilikuwa cha wote: vumbi la pamba, kelele za cherehani, joto la pasi, lawama. Kitu kimoja tu kilikuwa na mwenyewe, nacho ni ufunguo wa choo. Ulining'inia shingoni mwake kwa utepe mweusi, kama nishani ya vita ambavyo hakuna aliyeviona vikipiganwa.

Ukibanwa, unasimama mbele ya meza yake, watu wote wanakutazama, unaomba. Yeye anaangalia saa, kisha mshono wako, kisha wewe. "Si ulikwenda asubuhi?"

Wakubwa walishazoea. Bibi Pasi, aliyepiga pasi pale tangu sijazaliwa, hakugusa maji mpaka jioni.

"Sisi tulivumilia," alikuwa akituambia.

"Mkapewa nini, bibi? Cheti cha figo?"

"Mdomo huo utakuponza, Kasuku."

Kasuku ni mimi. Jina nililipata kwa jasho langu.

Sasa, Kifungo. Huyu ni rafiki yangu, mtia vifungo, na siku hizo alikuwa na mimba kubwa. Mtoto alikigeuza kibofu chake mto wa kulalia. Tulikuwa tunashona sare za shule, kazi imetufika shingoni, naye asubuhi moja akaenda kuomba ufunguo tena.

"Nenda," shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Lakini ukiuomba tena leo, kesho usije. Nitatafuta mtu ambaye kibofu chake hakina mpangaji."

Haukupita muda, shangazi akatoka kwenda kupokea vitambaa. Ufunguo nao ukatoka, shingoni pale pale. Kifungo akanishika mkono.

"Kasuku, sifiki."

"Hufiki wapi?"

"Popote!"

Nikachukua bisibisi ya cherehani. Mlango wa choo ulikuwa na kitasa imara, lakini fundi aliyeufunga alikuwa na akili za kuazima: bawaba zote aliziweka nje, skrubu zinakuchekea. Mkata nguo, kijana tunayemwita Mkasi, akaja kunishikia.

"Nyie watoto mnafanya nini?" Bibi Pasi akauliza.

"Tunauhurumia mlango, bibi. Umesimama miaka yote hii, haujawahi kukaa."

Ukang'oka. Kifungo akaingia, mimi nikashika kipande cha kitambaa mlangoni, Mkasi akageukia ukuta akiimba kwa nguvu ili asisikie kitu. Anaimba vibaya, Mungu amsamehe, lakini siku ile alistahili kupigiwa makofi.

Halafu tukafanya kile mafundi wa nguo wanachoweza. Mabaki ya sketi, cherehani yangu, upindo wa mbio mbio, lastiki ya kiunoni ndani yake, misumari miwili: pazia. Mlango tukaulaza juu ya stuli, Mkasi akapata meza mpya ya kukatia.

Shangazi aliporudi, vitambaa vilimponyoka mikononi.

"Nani?"

"Mimi, shangazi."

"Nampigia baba yako sasa hivi!"

"Mpigie. Mwambie binti yake ametoa mlango ili mwenye mimba akojoe. Ila useme hivyo hivyo, usiweke marembo."

"Toka! Wewe na huyo mwenzako. Tokeni!"

Kifungo akaanza kukusanya sindano zake. Mimi sikuinuka. Nilitoa mguu wangu kwenye pedali. Mkasi akaweka mkasi chini. Mwenzetu wa dirishani akaisimamisha mashine yake, kisha wa pembeni yake, mpaka karakana ikawa kimya na tukasikia pasi ikipumua.

"Na hizo sare?" shangazi akauliza.

"Zinakungoja, shangazi. Kama sisi tulivyokuwa tukikungoja."

Hapo Bibi Pasi akachomoa waya wa pasi. Akapita mbele ya bosi wake polepole, akavuta pazia, akaingia. Asubuhi! Hakuharakisha hata kidogo. Alipotoka akajimiminia maji, akanywa glasi nzima amesimama, akamwangalia shangazi machoni.

Shangazi akaliendea pazia. Akalishika, akaligeuza.

"Huu upindo kashona nani? Umekwenda kombo."

"Mimi."

"Hata uasi wenyewe huwezi kuushona ukanyooka."

"Nilikuwa na haraka. Kuna mtu alikuwa amebanwa."

"Ufumue."

"Upindo nitaufumua, shangazi. Mlango haurudi. Na Kifungo haendi popote."

Akanitazama kwa muda. Mimi nami nikamtazama. Macho haya nimeyarithi upande wake. Mwisho akaokota vitambaa vyake, akaketi.

Mashine zikaanza moja moja. Kifungo akazirudisha sindano zake mezani, akainuka akijishika kiuno, akapita mbele ya meza ya shangazi bila kusimama, moja kwa moja hadi kwenye pazia.