Mtegemezi wa Shemeji

…na amejibu yeye tena, mimi nimekaa hapa kama mzigo uliotuliwa kitini, mkoba mapajani, na shemeji, mume wa dada yangu, ameegemea meza ya ofisi ya watu utadhani kaichonga yeye, anamchekea mama wa kodi, huyu karani wa kodi ya mapato, meno yote thelathini na mbili, anamwambia kwa lugha ya huku kwamba mimi ni mgeni, lugha hainipandi, maswali yote yapitie kwake… mgeni, mgeni gani anasugua choo cha mwenyeji wake, na mama wa kodi, miwani imemshukia puani, haangalii mtu, anaangalia kompyuta yake, anauliza nafanya kazi wapi, hilo nimelielewa, nataka kusema chumba cha kufulia, hospitali, lakini shemeji kashadakia, "Anafuafua hospitalini," anafuafua! kama vile napitisha muda, kama vile ni leso mbili tatu, njoo basi siku moja uvute yale mashuka yanapotoka mashineni, shuka likilowa ni zito kama maiti, tunalivuta wawili, mimi na mwenzangu ninayemwita Bi Sabuni, yeye ndiye aliyenifundisha lugha ya huku, akaanza na matusi, akaja namba, akaja maneno ya kazini, tukipiga kelele kushinda mashine, na nyumbani sijawahi kuitamka hata siku moja, kwa sababu nyumbani shemeji anapenda kunitafsiria, kunitafsiria kunamnenepesha, na mimi nikamwachia, mwache ale… sasa mama wa kodi anauliza kama hii ndiyo ritani yangu ya kwanza, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, ndiyo, nasema kwa kichwa, na shemeji anasema ndiyo kwa mdomo, tukawa watu wawili wa kujibu swali moja, na marashi yake haya, amejimwagia chupa nzima kuja kuonana na karatasi, na ile suti, ile ile, suti ya mwaka jana, Mungu wangu, nikiiona hiyo suti natamani kucheka na kutema mate kwa pamoja, kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa akiivaa kila asubuhi baada ya kufukuzwa kazi, anaivaa, anachukua begi lake, anawaaga watoto, "Baba anakwenda kazini," na baba huyo anakwenda kukaa maktaba mpaka jioni akisoma magazeti ya bure, na mimi ndiye niliyekuwa nalipia nyumba ile, mimi mgeni, dada alinifuata jikoni siku mumewe alipofukuzwa akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili, mdogo wangu, akasema, mdogo wangu nisitiri, watoto wasijue, na mama nyumbani asijue kabisa, mwanamume akivuliwa heshima hakai ndani, nikasema usijali dada, nikanyamaza, mwaka ukaisha nimenyamaza, hata mama aliponipigia simu akasema, "Mwanangu, uwe unamshukuru shemeji yako, kukulisha mtu mzima si jambo dogo," nikasema namshukuru, mama… nikameza, koo langu hili limemeza mengi, sijui kwa nini halijaziba.

Amesema nini? Mama wa kodi ameacha kubonyeza. Amevua miwani, sasa ananiangalia mimi, mimi hasa, na anasema polepole kama mtu anayemwongelesha mgonjwa, anasema kwenye rekodi zao kwa mwaka ule mimi nimeandikwa chini ya mtu mwingine, kwamba kuna mtu amesema alinitunza, akarudishiwa pesa za kodi kwa hilo, kwamba sikuwa na njia, namtegemea yeye, na hapa kuna mshahara wa hospitali, ni kipi kilicho kweli, nimelisikia neno lile lote, mtegemezi, Bi Sabuni hulitumia kwa mume wake akilala kochini, na shemeji anageuka kwangu, sauti laini kama siagi, "Anauliza kama unakaa kwangu, shemeji. Sema ndiyo," …anauliza kama nakaa kwako! hebu rudia, rudia nikusikie vizuri wewe mtu, umeniandika, umekaa maktaba kwenye kiti cha bure ukachukua jina langu ukaliandika chini ya lako, mtegemezi wako, mimi niliyekununulia hata hicho kiatu unachokitingisha chini ya meza, kinatingishika, naona, kisigino kinapiga sakafu kama cherehani, anaogopa, "Sema ndiyo tu, tuondoke, watu wana kazi," na mama wa kodi anainua kidole, anamwambia, "Ajibu mwenyewe," na shemeji anacheka, hana la kufanya ila kucheka… ngoja, dada, dada anajua? hajui, dada hawezi, dada ni mtu wa kusahau hata chumvi, atajulia wapi mambo ya ritani… lakini asubuhi, asubuhi aliamka kabla yangu akaninyooshea blauzi hii, dada ambaye hajawahi kuninyooshea hata kitambaa, akanifunga kifungo cha shingoni kama mtoto wa shule, macho yake kwenye kifungo, si kwangu, akasema, "Huko mdogo wangu ukiulizwa lolote wewe sema ndiyo, shemeji yako ndiye anayejua mambo ya huku," …alijua, alijua akiwa ameshika pasi, ee dada, wewe ndiye uliyeniomba nikusitiri na nikakusitiri, na sitara yenyewe mmeichukua mmeniviringisha nayo kama maiti, mmenibeba huku na huku, wawili, mume na mke, na mimi ndani nahema, na huyu kwa miezi yote hiyo nilimchukia peke yake, nikadhani nyumba ile ina adui mmoja.

Nikisema, leo sina pa kulala, hilo nalijua, watoto watauliza mama mdogo yuko wapi, yule mdogo hulala akinishika sikio, dada atampigia mama simu kwanza, kwa kilio, nitakuwa nyoka waliyemfuga, shukrani ya punda, sawa, mama atalia, atanikasirikia, halafu siku moja nitamweleza moja moja bila kuficha, aamini asiamini, na Bi Sabuni ana chumba ambacho mwanawe amehama, alishanitajia, nikajifanya sijasikia, sikutaka ionekane nina shida mimi mwenye ndugu… ndugu! Heshima yake ikimvuka hapa mezani na imvuke, haikuwa yake, nilimshonea mimi, na mama wa kodi bado amenikazia macho, kidole juu, wala hana haraka, na shemeji ananong'ona tena, "Shemeji, nakuomba," nakuomba, neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake, limekuja limechelewa, na mimi nimekaa vile vile, mkoba mapajani, neno la kwanza la lugha ya huku liko ulimini, ila nimegeuza shingo nikamtazama usoni, na kicheko kimemkauka.