Daktari wa Kila Juni

Kabla ya mapambazuko, katika nyumba ya Adèle huko Butembo, ilisikika sauti ndogo ya mpira ukijazwa hewa kwa mkono: fyu, fyu, fyu. Ilikuwa Juni 2002, na daktari Tshibangu alikuwa amefika kumpima bibi huyo presha. Daktari alikuwa ametimiza miaka mitatu tangu afe. Bénie, mke wa mwana wa Adèle, aliamka akakoleza makaa, kwa sababu daktari alipenda kahawa isiyo na sukari.

Mwaka 1996, akiwa hai, daktari alimtoa Adèle uvimbe uliokuwa umekaa juu ya figo ya kushoto, mkubwa kama marakuja, tunda la pasheni. Kabla ya hapo moyo wa Adèle ulikuwa unakimbia hata akiwa ameketi akichambua maharage, jasho likimlowesha katika baridi ya Butembo, na majirani walisema amerogwa. Daktari hakuwacheka majirani. Alimshika Adèle mkono mpaka dawa ya usingizi ikamchukua. Alipoamka, akamweleza kwamba uvimbe wa namna hiyo unaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Kwa hiyo kila mwaka, maisha yake yote, apimwe presha na alete mkojo wa mchana na usiku mzima katika bidoni, dumu dogo la plastiki.

Alitii. Vita vilipokuja daktari alihamishiwa Beni, na Juni 1999 Adèle akapanda lori na bidoni yake. Kifuniko kilikuwa kimepotea, akaziba kwa jani la mgomba, kama watu wanavyoziba kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliichukua. Adèle alisema ni mkojo.

"Koko, kila mama anapitaka hapa anasema vile vile," askari mmoja akamjibu, akimwita bibi kwa Kilingala, na wenzake wakacheka.

Alifika Beni mikono mitupu, akilia. Daktari alimpa chai. Lakini mtu wa kupeleka vipimo Uganda alikuwa anaondoka alfajiri, na kukusanya mkojo mwingine kungechukua siku nzima, basi daktari akapanda pikipiki kwenda kuomba bidoni. Askari walikuwa wamekwisha kuionja, na hawakuwa na furaha. Walisikia lafudhi yake ya Kasai, mkoa wa mbali, wakauliza mtu wa huko anatafuta nini hapa. Wakampeleka nyuma ya mikaratusi. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kifo chake. Mkuu wa kizuizi alibaki na pikipiki, na hadi leo huenda nayo misa ya Jumapili.

Juni iliyofuata daktari alikuja mwenyewe Butembo. Kizuizini hawakumsimamisha. Hakuhitaji tena maabara: aliweka sikio kwenye bidoni, akasikiliza.

Mwaka huu alisikiliza muda mrefu. Tangu Pasaka Adèle alikuwa akitokwa na jasho tena, na moyo ulikuwa umekimbia mara mbili akiwa kanisani. Hakumwambia mtu, maana katika mji mzima hakubaki aliye hai wa kumpasua. Bénie alisimama na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa.

"Haiko kitu," daktari akasema. "Haikurudi. Ile jasho ni ya uzee, mama."

"Unanidanganya sababu ya huruma?"

"Wakati nilikuwa muzima ningekudanganya kidogo. Sasa hapana."

Adèle akashusha pumzi. Kisha akasema neno alilolibeba miaka mitatu.

"Docteur, ulikufa sababu ya bidoni yangu."

Daktari alikuwa akikunja kitambaa cha kipimo chake. Alikikunja taratibu, kama zamani.

"Bidoni haikukuwa na bunduki, mama."

Bénie akampa kahawa, akainywa hivyo hivyo baridi, akashukuru. Adèle akamwuliza nani humtembelea kule alikozikwa. Daktari akaeleza kwamba kizuizi kingali pale, na malori yakishakivuka huongeza mwendo. Abiria hufanya ishara ya msalaba bila kugeuza kichwa. Mara moja tu, mwezi wa tatu, lori lilisimama. Adèle mwenyewe alishuka, akang'oa magugu kwa mikono nyuma ya mikaratusi mpaka dereva akapiga honi, huku askari wakimtazama wakila mahindi. Alikuwa akidhani daktari hakumwona.

Kulikuwa kunapambazuka. Daktari alichukua mfuko wake, na mlangoni akageuka.

"Mama, kama unaenda tena Beni, ushuke kidogo. Upite kunisalimia."