Waliokuja Kuoshwa

Walikuja mchana, jua likiwa utosini, wakasimama nje ya kizingiti changu bila kupiga hodi. Msichana wa miaka kama kumi na miwili, na mdogo wake wa kiume. Vumbi jekundu lilikuwa limewapanda mpaka kwenye kope. Niliwauliza wanataka nini, na sikuuliza kwa sauti nzuri, maana miaka ile ya vita kila aliyesimama mlangoni hapa Kindu alitaka kitu, nami kitu sikuwa nacho.

"Mama, njo weye unaoshaka wafu?" msichana aliuliza.

"Njo mimi. Nani alikufa kwenu?"

"Ni sisi. Tunakuja utuoshe. Walituzika bila kutuosha."

Nimewaosha wanawake na watoto wa mtaa wetu tangu ujana wangu, na maiti nawajua. Maiti hatoki jasho, na yule mvulana jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Nikawafokea kwamba mzaha wa aina hiyo unaleta balaa. Hawakucheka, wala hawakuondoka. Basi nikateka maji, nikawaosha kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nakitunza, kwa hasira, nikiwasugua masikio kama mzazi anavyowasugua wanawe. Nilipomaliza, mvulana aliinua uso akaniuliza kwa upole:

"Na pamba ya mu pua iko wapi?"



Majina yao yalikuwa Latifa na Abdoul, na kwao ni Lokandu. Habari yao niliipata vipande vipande. Mapigano yalipofika kwao, mama yao aliwapakia kwenye mtumbwi wa pirogi wavuke mto Lualaba, na pirogi ikapinduka katikati. Maiti ya mama ilipatikana. Watoto hawakuonekana. Baba yao mdogo, Asumani, alingoja, kisha akafanya wanavyofanya watu wa ukoo wake mto ukikataa kurudisha mtu: aling'oa migomba miwili michanga, akaivika sanda, akaizika kando ya mama yao, na hitima ikasomwa. Hakuiosha. Nani angeosha mgomba?

Kumbe watoto walikuwa ng'ambo, msituni, wanakula mizizi. Waliporudi baada ya miezi, watu waliwakimbia. Asumani alisimama mlangoni huku analia, akawarushia majivu, akawaambia, "Tulishawalilia. Murudie kwenu." Latifa akamshika mdogo wake mkono wakaenda makaburini. Juu ya kaburi la mama hapakuwa na kilichoota. Kwenye makaburi mawili mafupi migomba ilikuwa imechipua. Latifa aliitazama, akaelewa kwamba ni kweli wamekufa. Mtoto akiambiwa jambo moja na kila mtu anayemjua, mnataka aamini lipi? Wakapandisha mto kwa miguu mpaka Kindu, wakiuliza njiani nyumba ya anayeosha wafu.

Mimi Mungu sikumficha hasira yangu. Nilikuwa nimemwomba mtoto mpaka paji la uso likaota sugu, mume akafa tukiwa bado tunaomba. Nilitaka mtoto mchanga wa kubeba mgongoni. Yeye akaniletea wawili wenye meno yote kinywani, wanaosema wamekufa. Nilimwambia hivyo hivyo kwenye mswala. Kisha nikawatandikia mkeka, kwa sababu aliyeletwa na Mungu humfukuzi, hata kama unamwogopa.

Na niliwaogopa. Walilala ubavu wa kulia, nyuso upande wa kibla, mikono imenyooka, kama mimi mwenyewe ninavyomlaza mtu kaburini. Hawakusalimia mtu. Nikichana sanda ya marehemu wa mtaani, Latifa alikuja kusimama karibu, akijipima kwa macho. Mbwa wa jirani yangu Jeannette, aliyembwekea hata padri, aliwapisha njiani kimya. Na hawakusema hata mara moja kwamba wana njaa. Kindu nzima ililia njaa mwaka ule, barabara zimefungwa, mashamba yako upande wa wenye bunduki, na mimi nilikuwa na watoto wasioomba chakula. Walikula nikiwaamuru, matonge machache, wakaacha. Mbavu zao ungeweza kuzihesabu toka barabarani.

Siku moja walipotea asubuhi, wakarudi alasiri na mafurushi ya sombe, yale majani mabichi ya muhogo, na umande bado umo ndani.

"Mulitosha wapi?" niliwauliza walikoyatoa.

"Ku mashamba," alisema Latifa. "Kule nyuma ya barieri."

"Masoda hawakuwauliza kitu?"

"Hawatuonaka, mama. Wafu hawaonekane."

Watu wazima walikuwa wakipigwa risasi kwenye kizuizi kile kwa sababu ya kijani kidogo cha mboga, na hawa walipita katikati ya wanajeshi kama upepo. Walikwenda tena, na tena. Jeannette alikuja na bakuli lake, akala, akasema watoto hawa ni neema. Mimi sikuona neema. Niliwakataza, niliwafungia, nikawachapa, wakatoka. Hawakuwa wajasiri. Waliamini tu kwamba aliyekwisha kufa hauawi, na niliona wazi kwamba siku moja risasi ndiyo ingewaeleza kuwa walikuwa hai.

Mwaka jana nilifika Lokandu kwa msiba wa rafiki yangu, nikaomba nionyeshwe makaburi yale. Ile migomba miwili sasa ni kichaka kizima. Ndizi zilikuwa zimeiva, zimepasuka, nyuki wanazizunguka, na chini zimelala nyeusi kwa wingi. Hakuna anayezila.

"Hawa watoto walikufa maji wakati ya vita," aliniambia mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani. "Jioni tunawasikiaka wanacheka mule ndani."

Nami nilisikia, au ni majani tu. Niliondoka kwa mwendo ambao haufai mwanamke wa umri wangu.

Turudi mwaka ule. Ramadhani iliingia bila barabara kufunguliwa. Usiku na mchana nilikuwa na dua moja tu: Ewe Mola, uliyewaleta, waonyeshe kwamba hawajafa, kabla hawajaonyeshwa na mwingine. Nililia kila sijda. Sikuona badiliko lolote, na nitasema kweli, nilianza kumnunia Mungu.

Alasiri moja nilirudi kutoka kumwosha mama mmoja aliyefariki mtaani, nikasikia kelele nyuma ya jiko langu. Abdoul alikuwa amekaa juu ya majivu na chungu cha futari katikati ya miguu, anakula sombe kwa mikono miwili, mawese yamempanda mpaka kwenye viwiko. Latifa amesimama juu yake, anampiga mgongoni, analia.

"Wafu hawakule! Abdoul, wafu hawakule!"

"Niko na njaa, yaya!" alimpigia dada yake kelele huku mdomo umejaa. "Njaa inaniuma! Inaniuma humu!"

Akaniona. Akakumbatia chungu. "Mama, usinipige."

Futari yetu yote ilikuwa imekwisha, na jua bado liko juu. Niligeuka upande wa mto, ndiko kibla kiliko, nikasujudu pale pale kwenye majivu. Sikuwa na maneno. Nilisema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka, nacheka, pua imejaa jivu. Jeannette alichungulia juu ya ua.

"Mutoto anaiba chakula, na mama anashukuru! Mwanamuke huyu amepata wazimu!"

"Acha nipate," nilimwambia.

Latifa alikuwa ameacha kumpiga mdogo wake. Alinitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Miezi yote ile hakuwa ameogopa kitu.

"Mama, ni kweli? Tuko wazima?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Basi mama yetu iko kule peke yake," alisema. "Mimi nilimwahidi ku kaburi kama tuko naye."

Hapo ndipo nilipomjua. Yule mtoto hakuwa amedanganywa na Asumani peke yake. Alikubali kufa ili mama yake asilale bila mtu. Nilimvuta, na kwa mara ya kwanza mwili wake ulilegea mikononi mwangu, akalia kama mtoto mchanga niliyekuwa nimemwomba. Nilimwambia kwamba mama yake yuko na Mungu, na kwamba kazi ya mtoto aliye hai ni kumwombea. Akaniuliza inafanywaje. Tukatawadha. Jua lilipozama tulimwombea mama yao kwa jina lake, sote watatu, Abdoul akicheua nyuma yetu.

Kilichobaki chunguni kilikuwa makombo ya kukwangua chini. Nilimpa Latifa bila kumwamuru. Alionja, akakunja uso.

"Mama, sombe yako haiko na chumvi."

Chumvi haikuwako mtaani kwetu kwa wiki nyingi, na mimi nilikuwa nimefunga, na tumbo langu tupu. Sijawahi kusikia neno tamu kuliko lile. Leo Latifa ni mwanamke mwenye nyumba yake, na bado anakilalamikia chakula changu mbele ya wageni, nami kila mara namshukuru Mungu kwa sauti mpaka anaona aibu.