Harufu ya Wengi

Kila Ijumaa mchana, watumishi wa maabara ya hospitali walivua makoti yao meupe na kuyatia katika beseni moja. Mashine ya kufulia ilikuwa imeharibika tangu mkuu wa maabara akiwa hana mvi hata moja, hivyo walifua kwa zamu. Ijumaa hiyo zamu ilimwangukia mpimaji mkongwe wa kitengo cha bakteria, ambaye wote walimwita Dada. Alifua akiwa amekunja uso, kwa sababu asubuhi ile wifi yake alikuwa ameteuliwa kukiongoza kitengo.

Wifi huyo alikuwa mke wa mdogo wake. Dada ndiye aliyemtafutia kazi, akamfundisha kushika waya wa kupandia bakteria bila kutetemeka. Sasa mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, na kilichompandisha ni jaribio moja tu.

Bakteria wa maabara ile walizungumza, wala hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kusimulia nyumbani. Walizungumza kwa harufu: kila mmoja alitoa chembe ndogo ya kemikali, na wenzake wakainusa. Walipokuwa wachache, chembe zilipotea majini nao wakakaa kwa adabu, maana mmoja peke yake akitoa sumu, mwili wa mgonjwa humwangamiza kabla hajamaliza kujitambulisha. Harufu ilipokolea, walijua wametosha. Jeni zilizolala zikafunguka kwa pamoja, na wote wakatoa sumu. Katika jaribio lake, wifi alichukua maji ya chupa iliyojaa bakteria, akayachuja mpaka asibaki hata mmoja, kisha akayamimina katika chupa yenye wachache. Wale wachache wakajiona umati. Wakatoa sumu.

"Wamedanganyika!" mkuu alisema kwa furaha, akamteua.

"Hongera, wifi," Dada alisema.

"Asante, wifi yangu. Mkono huu ni wako, wewe ndiye uliyenifundisha."

Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa, angalau angepata pa kushika.

Alipokuwa akifua, wivu ulimtoka viganjani, mweupe na laini, ukachanganyika na povu. Ulinuka kama ndimu iliyosahauliwa kabatini. Aliyasuuza makoti mara ya pili lakini wivu haukutoka, naye hakuona haja ya kuyasuuza tena.

Jumatatu kila mtu alivaa koti lake. Ilipofika saa ya chai, kila mmoja alikuwa amenusa kola ya jirani yake na kuelewa kwamba wenzake wote wamekwisha kumchoka kiongozi mpya. Karani wa mapokezi, ambaye kwa mdomo wake walimwita Kipaza, ndiye aliyeanza.

"Kumbe nanyi mmemchoka?"

"Kwani wewe hujamchoka?" mpimaji wa damu aliuliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa nawangoja ninyi."

"Nasi tulikuwa tunakungoja wewe. Haya, kunywa, chai inapoa."

Kipaza hakuwa na kinyongo chochote na wifi. Mpimaji wa damu alikuwa hata amempa mtoto wake wa mwisho jina la wifi huyo huyo. Hata hivyo kitu kilifunguka ndani yao, kwa wakati mmoja, na ndimi zao zikabadilika. Waliongozana hadi ofisini kwa mkuu, wakasema kwamba wifi anajivuna, hasalimii, anaficha chupa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, na kila neno lilipomfikia lilitoboa tundu dogo kwenye blauzi yake. Mkuu alimpa pini, kisha akasaini uhamisho wake kwenda chumba cha kuoshea chupa. Kiti alikipata Dada.

Kabla ya kuhama, wifi aliomba akate kipande cha kola ya kila koti. Alivipima vyote, akaleta majibu mbele ya watu.

"Harufu ni ya mtu mmoja," alisema. "Katika makoti yote."

Walimtazama Dada. Dada alizitazama kucha zake.

"Basi Dada anafua kweli kweli," Kipaza alisema, na watu wakacheka.

"Kwa hiyo sisi hatukuwa tumemchoka?" mpimaji wa damu aliuliza.

"Inaonekana hapana," mkuu alijibu. "Lakini uhamisho nimekwisha kuusaini, na wino umekauka."

Waliona hoja yake ina uzito, wakarudi kazini.

Tangu hapo, aliyekutana na wifi koridoni akiwa peke yake alimshika mkono, akamwuliza hali ya watoto, na kumhakikishia kwamba moyoni hana neno naye. Walipokuwa wawili, walimwitikia kwa kichwa. Walipokuwa watatu, walitazama ukuta. Wifi aliwaelewa, akazoea kupita upande wa pili ili wasipate taabu ya kugeuza shingo.

Siku moja Dada, akiwa amekalia kiti chake, alimsikia akiimba katikati ya mlio wa chupa. Alisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, kisha akafungua mlango.

"Wifi! Nani aliyekufundisha wimbo huo?"

"Hakuna, wifi. Huu ni wangu mwenyewe."

Dada aliufunga mlango. Baada ya kufikiri kidogo, akafunga na dirisha.