Kikombe cha Maji Sakafuni

Siku niliyokabidhi sakafu ya ukumbi wa dansi, nilijaza kikombe maji hadi ukingoni, nikakiweka juu ya mbao, kisha nikamwita mpwa wangu.

"Haya Panzi, ruka hapo kando."

Tangu utotoni tumemwita Panzi, na aliyemwona akiruka hakuuliza kwa nini. Alipanda, akakawia hewani kama mtu aliyesahau kitu huko juu, akatua hatua mbili kutoka kwenye kikombe. Halikumwagika hata tone. Wenzake wakapiga makofi. Mwalimu wao, mama mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akanipa mkono.

"Fundi, sasa hii ndiyo sakafu."

Nami niliamini. Katika useremala, sakafu nzuri ni ile isiyosogea. Ile ya zamani ilikuwa ikilia kila ikikanyagwa, na nilipoifumua nikakuta maboriti yake yamekalia vipande vya mpira wa gurudumu, juu ya zege. Nilicheka peke yangu. Nikasema fundi aliyenitangulia alikuwa mvivu, kakosa mbao ngumu akaokoteza mpira. Niling'oa vipande vyote, nikavitia guniani, na mahali pake nikagongelea kabari za mbao ngumu, mpaka sakafu ikatulia kama kaburi. Chumba cha kubadilishia nguo tu ndicho sikukigusa, kwa kuwa mbao zilipungua.

Kila jioni nilimpitia Panzi ili nimrudishe kwa dada yangu, na nikiwahi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango. Zilibaki wiki tatu kabla ya kundi moja la dansi linalosafiri kuja kuchagua mchezaji. Walimtaka mmoja tu. Panzi alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuwa na mpango mwingine wowote.

Jioni moja Mwalimu aliwaketisha chini.

"Mkishaacha sakafu, hakuna la kubadilisha," alisema. "Mtapaa kadiri mlivyojisukuma, na mtashuka mtake msitake. Mnachochagua ni namna ya kufika. Mtu akikurushia yai, unalidakaje?"

"Unarudi nalo nyuma," mmoja akajibu.

"Kwa nini?"

"Lisipasuke."

"Ukilizuia ghafla, linapasuka. Ukilisindikiza, linasimama polepole. Mwendo ni ule ule, ila umeupa nafasi ya kuisha. Goti lenu ndilo mkono unaorudi nyuma."

"Na kama yai limechemshwa, Mwalimu?" Panzi akauliza.

Walicheka wote, hata Mwalimu. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka ukumbi ule ukicheka.

Wiki iliyofuata Mwalimu alianza kumgombeza. "Kunja goti! Unatua kama gunia la chumvi. Nani kakubadilisha?" Panzi alikunja goti mpaka akakaribia kuchuchumaa, na bado kishindo kilikuwa kikavu. Njiani kurudi alitembea upande upande.

"Mguu?" nikamuuliza.

"Hapa, kwenye muundi. Mjomba, usimwambie Mama. Atanikataza."

"Unauma sana?"

"Nikiwa juu hauumi." Akacheka kidogo. "Shida ni kwamba lazima nishuke."

Usiku ule usingizi ulinikataa. Nilikuwa nikilifikiria yai. Mkono mmoja ni goti, sawa. Lakini alipotua kwenye sakafu ya zamani, sakafu nayo ilibonyea, ikawa mkono wa pili. Na mimi ndiye niliyeukata.

Hata hivyo sikusema. Mimi si mtu wa kukata shauri kabla ya kupima. Asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, nilibandika tonge la puti, ule udongo laini wa kushikizia vioo, chini ya kopo la misumari, nikaliangusha kutoka usawa wa goti langu. Kwanza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ambako mpira ulikuwa bado chini. Kisha ukumbini. Kule puti ilibaki na unene wa milimita kumi na moja. Ukumbini, saba. Nikasema labda tonge la pili lilikuwa laini zaidi. Kesho yake nikarudia kwa puti mpya. Keshokutwa nikabadilisha kopo. Siku ya nne nilikuwa na ukurasa mzima wa namba, na zote zilisema neno moja.

Jioni hiyo nilikwenda ukumbini nimeikunja ile karatasi mfukoni, nimwambie Mwalimu. Nilifika mlangoni Panzi akiwa hewani. Alipotua nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Alikaa chini taratibu, akaushika mguu kwa mikono miwili. Hakulia. Alimtazama Mwalimu akasema, "Nilikunja goti. Wallahi nilikunja."

Daktari alituonyesha picha. Ufa mwembamba ulikuwa umeanza siku nyingi, akasema, halafu leo ukakamilika. Akaufunga mguu plasta hadi juu ya goti. Miezi minne bila kuruka, na baada ya hapo tutaona.

Pale kwenye korido nilimweleza dada yangu kila kitu, nikamwonyesha na karatasi. Aliisoma mpaka chini.

"Kaka, siku nne hizi ulikuwa unapima nini?"

"Puti."

"Na mtoto akiendelea kuruka?"

Alinirudishia karatasi ikiwa imekunjwa vizuri, na hilo liliniumiza kuliko kama angeichana.

Niliifumua sakafu kwa siku tano. Nilizing'oa kabari zangu, nikavirudisha vipande vya mpira kutoka kwenye gunia nilimokuwa nimevitupa. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa kwa kipimo kile kile, unene sawa, pembe sawa. Yule fundi hakuwa mvivu.

Kundi la dansi lilifika siku iliyopangwa. Panzi alikuja kwa magongo, akakaa nami kwenye benchi. Mwalimu alimjia, akainama, akasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo, "Nilikuita gunia, mwanangu." Panzi akaitikia kwa kichwa tu.

Kabla wageni hawajaingia, akanigusa. "Mjomba. Kikombe chako kipo?"

Nilikijaza hadi ukingoni, nikakiweka palepale. Mwenzake mmoja alikuwa akijipasha moto. Aliruka, akatua hatua mbili pembeni. Mbao zikalia. Maji yakayumba, yakamwagika pande zote.

Panzi aliyatazama yakienea kwenye mbao. Kisha akaushusha mkono wake kwenye plasta na kuuacha hapo.

"Futa, Mjomba," akasema. "Wasije wakateleza."