Marehemu wa Makomeno

Jumamosi, katika ukumbi wa parokia, nilisoma kurasa kumi juu ya Brigitte Chama, mwanamke wa kwanza wa jimbo letu kuvuka Sahara kwa ngamia. Mara saba nilimwita marehemu. Gazeti la zamani liliandika kwamba jamaa zake walimfanyia kilio alipopotea jangwani, nami sikuuliza kama alirudi.

Mwanamke mzee akainua mkono. Nilimfahamu, kwani kila asubuhi nilinunua vitumbua kwake, kwenye kona yetu pale Makomeno. Nilidhani anataka kutangaza biashara.

“Mutoto yangu, Chama ni mimi,” alisema. “Balinilia kweli. Nikarudi, nikakuta bado banakula mu kilio yangu.”

Ukumbi ukacheka. Nikatazama viatu vyangu.

“Ulinitafuta wapi?”

“Vitabuni, mama.”

“Na kila asubuhi unaniambia vitumbua yangu iko midogo. Jina yangu haukuuliza?”

Nilichukua kalamu, nikaanza kufuta neno lile, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya wote. Alingoja mpaka nikafuta la saba.