Mgonjwa wa Chumba cha Pili

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga mwaka jana kwenye ngazi za kibaraza chetu, ngazi alizozishuka tangu mume wangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alifanyiwa upasuaji, akalala hospitali, akarudi na fremu ya kutembelea, na miezi ilivyokwenda ile fremu ikawa ya kuanikia nepi za mwanangu. Daktari alimwambia amepona. Mtaalamu wa fiziotherapia alimwambia amepona. Hata jirani yetu, ambaye hajawahi kumtolea mtu neno jema, alikiri kwamba amepona. Aliyebaki kusadiki ni mume wangu tu.

Nimtendee haki mume wangu: anampenda mama yake. Tatizo ni kwamba alimpenda mpaka akamfungia. Mama akinyanyua kikombe, "Polepole, mama." Mama akipiga chafya, "Polepole, mama." Mwenyewe mama akaishia kumwita mwanawe Polepole, na jina likashika, maana hata mimi siku hizi linaniponyoka mbele za watu. Polepole alipiga marufuku jiko. Akapiga marufuku kumbeba mjukuu akiwa amesimama. Mwisho akaigusa cherehani, na hapo ndipo alipochokoza mzinga wa nyuki.

Mama mkwe ni fundi nguo. Cherehani yake ni ya miguu, nyeusi, iko dirishani, na amewavika nayo mtaa mzima kuanzia sare za shule hadi suti za maharusi. Mume wangu aliuchomoa mkanda wake, ile kamba nyembamba ya ngozi inayozungusha gurudumu, akauficha. Alisema kukanyaga pedali kutaitingisha nyonga. Cherehani bila mkanda ni meza yenye sindano, basi. Tuliutafuta mimi na mama kwenye pipa la unga, chini ya godoro, nyuma ya picha yetu ya harusi. Hatukuona kitu. Mama akakaa kwenye kiti chake dirishani, mikono mapajani, na mimi nikawa sipendi kumtazama vile.

Kinachochekesha ni kwamba wakati huo huo mume wangu alikuwa anasoma masomo ya jioni ya usaidizi wa fiziotherapia. Mchana anauza misumari na rangi dukani, jioni anajifunza kuwainua watu vitandani. Akifaulu mtihani wa mwisho, kitengo cha tiba ya viungo cha hospitali kitamchukua. Akifeli, anarudia mwaka mzima, na hilo lilinihusu, kwa sababu tulikubaliana mmoja akisoma mwingine anashika mtoto. Mimi nilishamaliza sekondari yangu kwa masomo ya jioni vilevile, na uuguzi ulikuwa unanisubiri. Zamu yangu ilikuwa imekaa ndani ya mtihani wake.

Sasa, pale chuoni kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, miwani yake huivaa kichwani zaidi kuliko machoni, aliyekuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua wanafunzi wanajifunza vizuri zaidi kwa mwanasesere wa mpira au kwa mtu hai anayeigiza ugonjwa. Mwanasesere, aliniambia, hagomi, halii, hana ndugu wa kuingilia, na hajawahi kumwambia mwanafunzi mikono yako ni ya baridi. Alikuwa anatafuta wagonjwa wa kuigiza. Nilisikia habari hiyo siku niliyompelekea mume wangu chakula, nikamsimulia mama nikiosha vyombo. Sikumaliza kueleza, alikuwa tayari anatafuta viatu.

Tukaanza kwenda mchana, kwa wanafunzi wa kutwa. Mume wangu tulimwambia tunampeleka mtoto kliniki. Ilifika mahali akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ninamficha, mbona mtoto anapimwa uzito kama gunia la mahindi. Mama mkwe aliigiza kiharusi, akaigiza mgongo, akaigiza goti lililomfanya mwanafunzi mmoja atoke nje kufuta machozi. Mimi nilipewa kazi ya kuwa ndugu wa mgonjwa.

Mwalimu wa miwani alikuwa na jambo moja alilolisisitiza. Usianze na "unaumwa wapi". Anza na "unataka kurudia kufanya nini", halafu zoezi lizaliwe kutoka hapo. Na mwisho wa kila igizo mgonjwa huulizwa swali moja: ungependa mtu huyu akuhudumie tena? Kwenye mtihani, mgonjwa akisema hapana, mwanafunzi amefeli, hata awe amefanya mengine yote kama kitabu.

Basi mtihani wa darasa la jioni ukafika na mwalimu, asiyejua kwamba Polepole ni wetu, akatuomba. Nilikataa. Sheria ilikuwa wazi: msimamizi akigundua mwanafunzi na mgonjwa wake ni ndugu, mtihani unafutwa. Mama mkwe akaniambia nisiwe na presha, yeye ameshauliza. Vyumba viko vitatu, Polepole yuko cha pili, sisi tumepangwa cha tatu. Aliyasema hayo akichuna uzi kwenye sketi yake, macho chini kama binti wa kwaya. Nikamfunga mtoto mgongoni tukaenda.

Tulipelekwa chumba cha pili.

Nikamvuta mama mkono, nikamnong'oneza kwamba tumekosea. Alikuwa ameshapanda kitandani na kujifunika shuka mpaka kidevuni. Msimamizi, mzee mwenye tai ndefu asiyetujua hata kidogo, alikuwa ameketi pembeni na kalamu mkononi. Mlango ukafunguka.

Mume wangu aliingia na koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi, kitambulisho kikining'inia kifuani. Alitutazama kama mtu aliyefungua friji akakuta viatu vyake. Mdomo ulifunguka. Nikamkazia macho na kumwelekezea Mzee wa Tai kwa nyusi. Ukafungika.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, kijana. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Anatembea?"

"Anapumzika."

"Maskini," akasema mama mkwe, akageukia ukutani.

Mzee wa Tai akaandika kitu. Kisa chetu kilikuwa hiki: mgonjwa amepasuliwa nyonga, anagoma kuinuka, na ndugu yake ana wasiwasi. Sikupewa maneno ya kusema. Niliambiwa tu niwe na wasiwasi, mengine nimwachie mwanafunzi. Na mimi, wallahi, nimeishi na wasiwasi nyumba moja, nimelala nao kitanda kimoja. Sikuwa na haja ya kubuni kitu.

Nikasema asimwinue, ataanguka. Nikasema mifupa ya mtu mzima ni kama glasi za wageni, hazitolewi kabatini ovyo. Nikasema kazi yote ameshaifanya maishani, sasa ni zamu yake ya kukaa. Nikasema polepole, polepole, kwanza kuna haraka gani? Kila sentensi ilikuwa ya mume wangu, na mwenyewe alizitambua moja moja, kama mtu anayeona nguo zake zimeanikwa barabarani. Masikio yalimwiva.

Alianza kunijibu kwa lugha ya kitabu. Nikamkatalia. Akajaribu tena, na hapo nikaona kitabu kinaisha na mtu anaanza.

"Dada, nakuelewa," akasema. "Lakini kitanda nacho kinaumiza. Mguu usiotumika unakwisha. Ukimlinda asifanye lolote, unachokilinda ni ugonjwa."

"Na akianguka?"

"Nitakuwa karibu."

"Utamshika?"

"Nitakuwa karibu," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Akinihitaji atanikuta."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini shetani wangu mdogo alikuwa macho. Nikamuuliza, wewe kijana, unaye mama? Akasema anaye. Nikamuuliza kama wake naye angemruhusu ainuke.

Kalamu ya Mzee wa Tai ikasimama. Kabla mume wangu hajajibu, mtoto akaamka mgongoni mwangu, akachungulia, akamwona baba yake, akanyoosha mikono yote miwili na kuanza: ba, ba, ba, ba. Nilihisi jasho likinishuka uti wa mgongo, sijui langu au lake. Mzee wa Tai alimtazama mtoto, akamtazama mume wangu. Mume wangu akaeleza, kitaalamu kabisa, kwamba watoto wa umri huo humwita hivyo mwanamume yeyote.

"Hata mimi nilidhani kafanana na mtu," akasema mama mkwe toka chini ya shuka.

Nikampa mtoto funguo zangu atafune. Mume wangu akavuta kiti, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mama yake, akaliuliza lile swali. Mama, ungependa kurudia kufanya nini?

Mama mkwe aliacha kuigiza. Nilimjua kwa sauti.

"Nataka kushona," akasema. "Nina mjukuu anatambaa, na hana hata kaptula moja niliyomshonea mimi. Anavaa za dukani, mishono inaachia akicheka tu. Miguu ninayo. Ila kuna mtu nyumbani kaficha mkanda wa cherehani."

Mume wangu alitazama viganja vyake. "Labda huyo mtu anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Labda yeye ndiye aliyekukuta pale chini ya ngazi. Labda mpaka leo ukisimama anasikia ile sauti."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui habari ya sauti, hakuwahi kuniambia. Shetani wangu mdogo akaenda kulala.

"Basi ukikutana naye mwambie hivi," akasema mama. "Aliyeanguka ni mimi. Nimeinuka siku nyingi. Mbona yeye bado yuko pale chini?"

Mume wangu akasimama, akamwomba asogee ukingoni mwa kitanda. Akamwelekeza arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, asukume kwa mikono. Yeye mwenyewe akasimama ubavuni, mikono imefunguka, bila kumgusa. Na mama mkwe, ambaye asubuhi ile ile alimkimbiza paka jikoni, akatetemeka magoti kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akainuka nusu, akarudi chini kwa kishindo na mguno. Nilimwona mume wangu vidole vinacheza. Nyumbani angeshamrukia na kumnyakua kwapani. Hapo alisubiri.

"Jaribu tena, mama. Nipo."

Mara ya pili akainuka, akasimama wima, akatutazama wote kutoka juu kama malkia wa stempu.

Mume wangu akamketisha kitini na kumfundisha zoezi la nyayo: kisigino, vidole, kisigino, vidole, sakafuni, kwa mdundo. Nikaona ni mdundo gani. Mama naye akauona, mguu ukachanganya, na kwa muda chumba kizima kilikuwa na cherehani isiyokuwapo. Mzee wa Tai alikuwa anaandika kwa kasi, na mguu wake mwenyewe ulikuwa unafuata chini ya meza.

Halafu akalikunja karatasi lake na kumgeukia mgonjwa. Ungependa mtu huyu akuhudumie tena?

Mama mkwe akautengeneza mtandio wake. Akatazama dari. Mimi nilitazama mwaka mzima ukining'inia hewani, wangu na wa mume wangu.

"Inategemea," akasema.

"Ni ndiyo au hapana, mama."

"Nimuulize kitu kwanza. Huo mkanda, kijana, wewe unadhani huyo mtu kauficha wapi?"

Mzee wa Tai alionekana kulifurahia swali. Mume wangu alibadilika rangi mara kadhaa, kisha mkono ukaenda shingoni wenyewe, ukashika ile kamba ya kitambulisho chake. Nikaitazama. Kamba nyembamba ya ngozi, imekunjwa mara mbili, inang'aa kwa mafuta ya cherehani. Miezi yote ile ilikuwa inaketi nasi mezani. Hata nilikuwa nimeisifu. Nilimwambia inampa heshima.

"Nadhani," akasema, "hajauweka mbali."

Mama aliitazama ile kamba kwa muda. Midomo ilimcheza, akaibana.

"Ndiyo," akamwambia msimamizi. "Andika ndiyo."

Matokeo yalibandikwa kabla hatujaondoka. Mzee wa Tai alimfuata mume wangu uani kumpa mkono, akamwambia ameshasimamia mitihani mingi lakini hajamwona kijana anayemhudumia mgonjwa mgeni kama mama yake mzazi. Mume wangu akashukuru akitazama viatu. Sisi wawili tulikuwa langoni tunajifanya kusubiri usafiri, migongo tumewapa, mabega yanatutikisika.

Alipotufikia aliivua ile kamba, akakitia kitambulisho mfukoni, akamkabidhi mama mkanda wake kwa mikono miwili. Mama akaupitisha vidoleni, akaunusa, akamwambia ameuchakaza kwa jasho. Ndipo nilipomuuliza mama ilikuwaje tukaingia chumba cha pili. Akasema yule aliyepangiwa kuigiza kisukari chumba hicho aliomba wabadilishane. Nikamuuliza aliomba mwenyewe? Akasema aliombwa aombe.

Kaptula ilikamilika wiki ile ile. Mguu mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwingine, na ole wake atakayelitaja hilo. Mume wangu hupita dirishani cherehani ikilia, anafungua mdomo, neno linafika mpaka kwenye meno, analimeza na kwenda kazini hospitalini.

Mimi naanza uuguzi mwezi ujao. Jana nikikusanya madaftari, mama mkwe aliniuliza, macho kwenye sindano, eti sisi wauguzi mitihani yetu hufanyiwa vyumba vingapi.